RAHA YA KUIJADILI RIWAYA KATIKA KIKUNDI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Utangulizi

Nimeshika kalamu nikueleze jambo ambalo wengi wetu tunaliona dogo, kumbe ni kubwa, nalo ni raha ya kuisoma riwaya na kisha kuijadili na wenzako.

Sote twajua riwaya ni nini. Ni hadithi ndefu ya kubuni, iliyoandikwa kwa nathari, yenye wahusika wengi na matukio yanayofungamana. Mwalimu hutuandikia maana hiyo ubaoni na sisi tunainakili daftarini. Baadaye mambo huwa yapi? Wengi wetu hukimbilia mwongozo. Tunakariri dhamira tano, sifa nne za mhusika na tamathali sita, halafu tunaingia katika chumba cha mtihani kama kasuku. Mimi sisemi mwongozo ni adui. Nasema tu kwamba kuutegemea mwongozo pekee ni kama kutafuniwa chakula na mtu mwingine. Utashiba labda, lakini ladha hutaijua.

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hiyo inafaa hata katika usomaji wa vitabu. Katika makala haya nitaeleza kikundi chetu cha mtaani kinavyoendeshwa, raha tunazozipata, matatizo yaliyopo, na hatua ambazo wewe nawe unaweza kuzifuata ukaanzisha cha kwenu.

Kikundi chetu

Kikundi chetu hukutana hapa Nakuru kila Jumamosi, kuanzia saa nane hadi saa kumi alasiri. Sisi wanafunzi wa shule za kutwa tunajua Jumamosi ilivyo. Asubuhi ni kufua sare, kuchota maji na kwenda posho mill. Kufikia saa nane kazi zimepungua, na hata wazazi hawana sababu kubwa ya kukuzuia.

Hatuna ukumbi. Tunakutana katika baraza ya duka la fundi wa cherehani ambaye mwenyewe ni mwanachama. Yeye hushona huku akisikiliza, na likitokea jambo la kumkera husimamisha cherehani, nasi tunajua hapo pana neno. Tuko watu 11. Wanafunzi ni 5. Wengine ni mwalimu mmoja mstaafu, mama anayeuza mitumba, kijana wa bodaboda, mzee aliyewahi kufanya kazi katika bandari ya Kilindini, fundi mwenyewe, na mama mmoja aliyeacha shule akiwa darasa la saba. Huyu wa mwisho husoma polepole kwa kufuata mistari kwa kidole, lakini akishasoma hasahau.

Nakala za vitabu ni 4 tu. Tumegawanyika katika makundi ya watu wawili au watatu, na kila kundi lina nakala yake. Mtu hukaa na kitabu siku mbili, kisha anampa mwenzake. Mzee wa bandari macho yake yamechoka, kwa hivyo mwanafunzi mmoja humsomea kwa sauti. Kila wiki tunasoma kurasa 25, na ni mwiko kumwambia mwenzako yaliyo mbele.

Raha ya kwanza: kitabu kimoja, macho mengi

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ukisoma peke yako unaona kile ambacho jicho lako limezoea kukiona. Mkisoma wengi, kitabu kinapanuka.

Hebu tuchukue mfano wa riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Zanzibar, iliyochapishwa mwaka wa 1980. Riwaya hii imewahi kutahiniwa nchini Kenya na huenda kaka au shangazi yako aliisoma. Ndani yake mna Bwana Maksuudi, tajiri anayeheshimika mbele za watu. Nyumbani kwake mambo ni mengine. Mkewe, Bi Tamima, na binti yake, Maimuna, wanaishi kama wafungwa. Maimuna anafungiwa ndani hata ulimwengu wa nje haujui. Anapokuja kutoka, anaangukia mikononi mwa watu wanaomtumia, na maisha yake yanaharibika mjini.

Tulipojadili sura za mwanzo, tuliulizana swali moja tu: kichwa Utengano kinazungumzia utengano wa nani na nani? Mimi nilisema ni wa mume na mke. Mwanafunzi mwenzangu akasema ni wa baba na watoto. Mama wa mitumba akasema, "Nyinyi hamwoni? Ni ndani na nje. Kuta za nyumba ile ndizo zinatenganisha." Kijana wa bodaboda akaongeza kwamba ni utengano wa mwenye nacho na asiye nacho. Fundi akasimamisha cherehani. Akasema, "Mimi naona ni maneno na matendo. Huyu bwana anachosema mchana na anachofanya usiku ni vitu viwili mbalimbali."

Msomaji, hebu hesabu. Kwa swali moja tulipata majibu matano, na yote yana ushahidi kitabuni.

Raha ya pili: kubishana bila kugombana

Sisi Wakenya tunapenda mabishano. Tunabishana kuhusu mpira, kuhusu siasa na kuhusu nauli ya matatu. Tofauti ni kwamba katika kikundi tuna sheria moja inayotuliza mambo. Mtu akisema jambo zito, yeyote anaweza kupaza sauti na kusema, "Ukurasa!" Hapo msemaji hana budi kufungua kitabu na kuonyesha mahali alipolitoa jambo hilo. Akishindwa, anaketi. Akiweza, tunanyamaza na kumsikiliza.

Sheria hii imetufundisha mengi kuliko tulivyotarajia. Kwa mfano, mmoja wetu alidai kwamba Bi Farashuu katika Utengano ni mwanamke mwovu tu. "Ukurasa!" Alipofungua kitabu aliuona uovu, lakini aliona pia kisasi cha zamani. Kumbe Maksuudi alikuwa amemtendea binti wa Farashuu ubaya mkubwa kabla hadithi kuanza. Basi mjadala ukageuka. Je, aliyeumizwa akiumiza mtu asiye na hatia, yaani Maimuna, tumwite nani? Mwenye haki au mkosaji? Tulibishana hadi saa kumi ikapita. Wengine walisema Farashuu ana haki ya kulipiza. Mama aliyeacha shule akasema kwa sauti ya chini, "Kisasi chake kilimkosa Maksuudi kikampata mtoto wa mwanamke mwingine." Hakuna aliyejibu hilo.

Raha ya tatu: lugha

Riwaya nyingi za Kiswahili zimeandikwa na watu wa pwani na visiwani. Sisi wa bara hukutana na maneno ambayo kamusi inayaeleza kwa mstari mmoja tu. Ukiwa na wenzako, neno hupata mwili.

Tuliposoma Kuli ya Adam Shafi, iliyotolewa mwaka wa 1979, tulikuwa na mwalimu ambaye hatukumtarajia. Riwaya hiyo inahusu maisha ya makuli, yaani wapakiaji na wapakuaji wa shehena katika bandari ya Zanzibar, na inafikia kilele katika mgomo wa mwaka wa 1948, ambao ni tukio la kweli la kihistoria. Mzee wetu wa Kilindini alituambia tishali ni nini: ni chombo kipana kisicho na kina kirefu, cha kubebea mizigo kati ya meli na nchi kavu. Akatueleza hamali anavyoinama ili gunia limkae mgongoni bila kumvunja. Akainuka, akainama mbele yetu, tukaona. Tangu siku hiyo, kila nikisoma habari za Rashidi na wenzake, ninaona mgongo wa mzee yule. Hakuna mwongozo utakaokupa hilo.

Vivyo hivyo tulifurahia Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka wa 1996. Kijana wa bodaboda alichora ramani kwa chaki kwenye sakafu ya baraza, kutoka Tanga alikokulia Kongowea Mswahili hadi Kitale anakomtafuta babake. Barabara ya kwenda Kitale kutoka Mombasa hupitia papa hapa Nakuru, kwa hivyo tulijiona kama kwamba Kongowea alipita mbele ya duka la fundi. Walibora alituacha mwaka wa 2020, lakini Jumamosi hiyo ungedhani yuko nasi barazani.

Na kama unataka kicheko na wasiwasi kwa pamoja, someni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka wa 1960. Hiyo ni riwaya ya upelelezi na mpelelezi wake ni Bwana Msa. Kila Jumamosi tuliandika kwenye karatasi jina la tuliyemshuku, tukakunja na kumpa fundi atunze. Mwisho tulizifungua zote. Sitakuambia muuaji ni nani. Nitakuambia tu kwamba vicheko vilisikika hadi kituo cha matatu.

Raha ya nne: kusema yasiyosemeka

Hapa ndipo penye kiini cha makala yangu, nami naomba usome polepole.

Mmoja wa wanachama wetu ni msichana wa kidato cha pili. Babake alisikia kwamba bintiye hukaa barazani kila Jumamosi na watu wazima, pamoja na kijana wa bodaboda, akasoma "hadithi za mapenzi". Akamwambia asiende tena. Msichana alituomba radhi, akasema labda hiyo itakuwa mara yake ya mwisho. Jumamosi hiyo, kabla hatujafika mbali, baba mwenyewe akatokea. Alisimama kando ya mlango wa duka, mikono nyuma.

Mwalimu mstaafu alimwambia, "Karibu, Baba. Keti, tunazungumza habari za kitabu." Hakuketi. Lakini hakuondoka. Tulikuwa katikati ya mjadala wa Maksuudi na Maimuna. Alisikiliza kwa muda, kisha akauliza, "Sasa huyo Maksuudi ana kosa gani? Si alikuwa anamlinda mtoto wake?"

Baraza ikawa kimya. Cherehani nayo ikasimama.

Mama wa mitumba ndiye aliyejibu, tena kwa heshima. "Baba, kumlinda mtoto si kosa. Hata mimi nina wasichana. Lakini huyu alimlinda kwa kufuli peke yake. Hakumfunza kitu. Siku kufuli ilipofunguka, mtoto hakujua hata nani wa kumwamini."

Mwalimu mstaafu akaongeza mfano wa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka wa 1971 na ambayo kwa muda ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kabla ya kuruhusiwa baadaye. Zakaria, babake Rosa, ni mlevi wala si tajiri kama Maksuudi, ila naye anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anapokwenda masomoni, mbali na fimbo ya baba, anapotea, na mwisho wake ni wa kusikitisha sana. Wababa hawa wawili hawafanani kwa mali wala kwa tabia, bali wanafanana kwa jambo moja: wote wawili walitumia hofu mahali pa mazungumzo.

Baba wa msichana akasema, "Lakini huyo Maksuudi ni mnafiki. Mimi si kama yeye."

"Hakuna aliyesema ni wewe, Baba," mwalimu akamjibu. "Sisi tunamzungumza mtu wa kitabuni."

Msomaji mpenzi, neno hilo ndilo lililonifumbua macho kuhusu thamani ya riwaya. Yako mambo ambayo huwezi kumwambia jirani yako ana kwa ana. Huwezi kumwambia mzazi wako kwamba unamwogopa. Huwezi kumwambia rafiki kwamba anapotea. Adabu yetu haituruhusu, na hata ikituruhusu, maneno hayatoki. Riwaya huweka mtu wa kubuni katikati ya baraza, na kila mmoja akamzungumza huyo bila kumnyoshea mwenzake kidole. Anayetaka kusikia atasikia, na asiyetaka hatakuwa ameaibishwa.

Baba yule aliondoka bila kuaga sana. Hata hivyo, Jumamosi iliyofuata msichana alikuja, kwa sharti kwamba awe nyumbani kabla ya saa kumi na moja. Zamu yake ya kukaa na kitabu ni siku mbili, lakini kilikaa kwao juma zima. Tulipomdai, alisema kwa aibu kidogo kwamba babake hajamaliza kukisoma. Tukamwachia.

Je, mtihani utafaidika?

Najua kuna msomaji anayesema, "Haya yote ni mazuri, lakini mimi nataka alama." Sawa, tuzungumze alama. Karatasi ya tatu ya Kiswahili, yaani 102/3, ni ya Fasihi na ina alama 80. Humo utaulizwa ueleze muktadha wa dondoo: nani anasema, anamwambia nani, wapi na kwa nini. Mtu aliyejadili kitabu hakariri muktadha. Anaukumbuka, kwa sababu alibishana juu yake na pengine akashindwa kwa "Ukurasa!" Utaulizwa pia uthibitishe kauli fulani kwa hoja na mifano. Hilo ndilo tunalolifanya kila Jumamosi bila kulipwa wala kuchapwa.

Jinsi ya kuanzisha kikundi chenu

Ukitaka kuanza, fuata hatua hizi:

(a) Tafuta watu kati ya 5 na 12. Wakiwa wachache mno mjadala hukauka. Wakizidi, wengine hugeuka watazamaji.

(b) Changanya umri na kazi. Kikundi cha wanafunzi watupu huishia kuzungumza mtihani.

(c) Chagueni mahali palipo wazi na pasipo na shaka, kama vile baraza, maktaba au chumba cha kanisa au msikiti. Wazazi wapajue. Msiwafiche.

(d) Anzeni na riwaya fupi, ya kusisimua. Ngumu zitakuja baadaye.

(e) Kubalianeni kurasa za kila wiki, na mzifuate.

(f) Chagueni mwenyekiti kwa zamu. Kazi yake si kuhutubu. Kazi yake ni kuona kila mtu amesema angalau mara moja.

(g) Mwekeni mwandishi wa daftari. Daftari letu lina majina ya vitabu, maswali yaliyoulizwa, na maneno mapya na maana zake.

Maswali yatakayowafaa

Mkikosa la kusema, jaribuni maswali haya katika riwaya yoyote:

1. Kichwa cha riwaya kina maana ngapi?
2. Ni mhusika yupi ungempa chai nyumbani kwako, na yupi ungemfungia mlango? Kwa nini?
3. Nani anasimulia, na ni nini asichotuambia?
4. Tukio gani lingebadilika, hadithi nzima ingebadilika?
5. Mahali na wakati wa hadithi vinawabana wahusika kwa njia gani?
6. Je, mwisho wa riwaya ni wa haki?

Swali la pili linaonekana la mchezo, lakini ndilo linaloleta sifa za wahusika kwa wingi kuliko yote. Jaribuni muone.

Matatizo yaliyopo

Kizuri hakikosi ila. Kwanza, kuna watu wasiosoma na bado wanataka kuzungumza sana. Dawa yao ni "Ukurasa!" Pili, vitabu ni ghali na ni vichache. Sisi huchanga kidogo kidogo, na pia tunaazima katika maktaba. Tatu, kuna wasemaji wakubwa wanaowafunika wengine, hasa sisi vijana wa shule tunaodhani tunajua kila kitu. Mwenyekiti mzuri humwambia mtu kama huyo kwa upole, "Ndugu, wacha tumsikie na mwingine." Nne, siku ya mvua baraza huvuja. Hilo bado hatujalitatua.

Hitimisho

Kwa kumalizia, nawaomba walimu wetu waturuhusu kipindi kimoja cha Chama kila mwezi kiwe cha mjadala wa riwaya isiyotahiniwa, ili tuonje kusoma bila hofu ya kalamu nyekundu. Nanyi wanafunzi wenzangu, msingoje ruhusa hiyo. Mtaani kwenu wapo mafundi, akina mama, wazee na vijana wenye hekima ambayo haijawahi kuulizwa swali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Chukueni kitabu kimoja, watu watano na saa mbili za Jumamosi.

Kikundi chetu sasa kinaanza Dunia Uwanja wa Fujo ya Kezilahabi. Anayetaka kuja aje, na akija awe amesoma kurasa 25 za kwanza.